Ukikuta Duka au Nyumba Imevunjwa: Mwongozo Kamili wa Kulinda Ushahidi Kabla Mpelelezi Hajafika

Kufuli lilikuwa limeokotwa na watoto na kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hilo ndilo jibu nililopewa nilipofika dukani kwa ndugu yangu, saa nne asubuhi, siku walipomvunjia. Sakafu ilikuwa imefagiwa ikang'aa. Rafu zimepangwa upya. Majirani, kwa huruma yao, walikuwa wameshapiga deki.

Swali lililobaki lilikuwa moja tu: kufuli lilikatwa, au lilifunguliwa kwa ufunguo? Kama lilikatwa, wezi walikuwa watu wa nje. Kama lilifunguliwa, mwenye ufunguo wa akiba ana maswali ya kujibu, na ufunguo wa akiba alikuwa nao mlinzi. Mzee yule alilala mahabusu usiku nne kwa kukosa kipande cha chuma kinachotosha kwenye kiganja. Kilichomtoa hatimaye ni jirani aliyekumbuka kuona kufuli likiwa chini, pingu yake (ule upinde wa chuma) imekatika.

Nimeshaandika juu ya jambo hili zaidi ya mara moja, na bado wasomaji wananiletea habari ileile: tulifagia, tukapanga, ndipo tukaita polisi. Kwa hiyo safari hii naandika hatua kwa hatua, na kila hatua nitasema kwa nini. Nimeuandika mwongozo huu kwa mazingira ya Tanzania. Msomaji wa Kenya atabadilisha majina machache tu: RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni) iwe OB, na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) iwe P3. Mengine, ukiacha sheria na hukumu ninazozitaja, ni yaleyale.

Jambo la kushika kabla ya yote

Kila mguso huacha kitu na huondoka na kitu. Wataalamu huiita kanuni ya Locard, kwa jina la mtaalamu Mfaransa wa uchunguzi wa jinai. Mwizi akipita dirishani huacha uzi wa shati kwenye nondo, na huondoka na chembe za kioo kwenye mikunjo ya suruali. Lakini kanuni hii haichagui mtu. Wewe ukiingia kuangalia kilichoibwa, nawe unaacha nyayo zako na kuondoka na vumbi alilolikanyaga mwizi. Jirani akija kukupa pole, naye vilevile. Watu ishirini wakiingia, mpelelezi anakuta alama za watu ishirini na moja, na hajui aanze na nani.

Ndiyo maana kazi yako katika saa ya kwanza si kutafuta ushahidi. Kazi yako ni kuuacha ulipo, kuzuia wengine, na kuandika.

Vitu vya kuwa navyo

Viweke kwenye boksi moja, dukani au nyumbani, kabla hujavihitaji. Vingi vinapatikana duka la vifaa vya shule na la dawa.

- Daftari dogo lenye kurasa zilizoshonwa (si za kuchomoa) na kalamu mbili za wino. Penseli hapana, kwa sababu inafutika.
- Bahasha za kaki za ukubwa tofauti na mifuko ya karatasi mipya. Ile iliyobeba maandazi jana isiwemo.
- Rula ya sentimita 30.
- Glovu za hospitali, jozi tano au zaidi, na barakoa.
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Kamba ndefu, ya katani au ya manila.
- Mabeseni mawili makavu na mawe manne.
- Gundi ya karatasi au selotepu pana.
- Flashi mpya ambayo haijawahi kutumika.
- Simu yenye chaji na nafasi ya kuhifadhi picha.

Mfuko wa nailoni haumo kwenye orodha, na si kwamba nimeusahau. Nitaueleza mbele.

Hatua ya 1: Simama mlangoni

Usiingie. Angalia na usikilize kwanza. Mwizi anaweza kuwa bado yumo ndani, na mwizi aliyebanwa kwenye kona ni hatari kuliko mali yote iliyo dukani.

Ukisikia kitu, rudi nyuma, vuka barabara, piga simu kutoka huko. Ukiona kimya, bado usiingie. Simama hapohapo ulipo utazame chini: umekanyaga nini? Kuna vioo? Kuna vumbi lenye alama? Kizingiti ndipo mahali mwizi alipolazimika kupita, na ndipo mahali pa kwanza ambapo mwenye duka hupaharibu.

Wenye mali wengi huona hatua hii ni ya kupoteza muda. Sekunde thelathini tu zinatosha.

Hatua ya 2: Mtu kwanza, ushahidi baadaye

Kama kuna majeruhi, yote niliyosema hapo juu yanakaa kando. Ingia umsaidie. Hakuna alama ya kidole yenye thamani ya uhai wa mtu, na hakuna mpelelezi mwenye akili atakayekulaumu.

Ila unaweza kuokoa mtu bila kuharibu kila kitu. Kabla hujamwinua, piga jicho moja: amelala kifudifudi au chali, kichwa kimeelekea wapi, mkononi ana nini. Utayaandika baadaye. Ukilazimika kukata nguo kufikia jeraha, usipitishe mkasi kwenye tundu lililotobolewa na kisu, kata pembeni. Mlinzi akiwa amefungwa kamba, usifungue fundo: kata kamba mbali na fundo, uache fundo lilivyo. Watu hufunga mafundo kwa mazoea ya kazi zao, kama mvuvi, mchunga ng'ombe au fundi wa turubai, na sehemu iliyokazwa kwa vidole inaweza kubaki na chembe za ngozi ya aliyeifunga.

Aliye mahututi apelekwe hospitali moja kwa moja. Mtu mwingine afuatilie PF3 kituoni wakati mgonjwa anatibiwa. Nguo alizovuliwa hospitali mwombe muuguzi zisitupwe na zisifuliwe.

Ukimkuta mtu ameshafariki, usimguse, usimfunike kwa shuka la nyumbani. Najua hapa naomba jambo zito, kwa sababu kumsitiri marehemu ni heshima tuliyolelewa nayo. Lakini shuka linaleta nyuzi na nywele za nyumba nzima juu ya mwili, na linafuta zilizokuwepo. Msitiri kwa kuwaondoa watu. Funga mlango, weka turubai mbali kama ukuta wa kuzuia macho.

Hatua ya 3: Piga simu, kisha andika saa

Namba ya dharura ya polisi ni 112. Mpigie pia mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, na mjumbe wa shina kama yuko karibu. Hawa si wa kuja kushangaa. Ni mashahidi wako wa jinsi eneo lilivyokuwa.

Ukishakata simu, fungua daftari. Ukurasa wa kwanza uwe na mambo haya: tarehe, saa uliyofika, saa uliyopiga simu, uliongea na nani, hali ya hewa (mvua ilinyesha? saa ngapi ilikatika?), taa zilikuwa zinawaka au zimezimwa, mlango ulikuwa wazi au umerudishwa, harufu uliyoisikia.

Andika ulichoona, usiandike unachodhani. "Dirisha la nyuma limevunjwa, vioo viko sakafuni ndani" ni ushahidi. "Wameingilia dirisha la nyuma" ni maoni. Kuna wezi wanaovunja dirisha wakiwa wanatoka, na kuna wenye mali wanaovunja madirisha yao wenyewe.

Ukikosea, chora mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, weka sahihi ndogo pembeni, endelea. Usichane ukurasa. Wakili wa upande wa pili akiona daftari lina ukurasa uliochanwa, hatauliza kitu kingine siku nzima.

Hatua ya 4: Zungusha kamba, chagua njia moja

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na kinachowashinda ni aibu. Unaona aibu kumzuia mama mkwe. Unaona aibu kumwambia mwenyekiti asiingie. Sema hivi: "Samahani mzee, tumeambiwa asiingie mtu mpaka mpelelezi afike, hata mimi sijaingia." Ukijihesabu na wewe humo, hakuna atakayeona amedharauliwa.

Kamba izunguke eneo kubwa kuliko unavyofikiri. Mwizi hakudondoka kutoka mawinguni: alikuja na njia, alisimama mahali akiangalia, alitoroka na njia. Kitako cha sigara, ganda la vocha, kandambili iliyokatika, vyote hivi hupatikana uchochoroni nyuma ya duka, wala si kwenye kaunta. Kama kituo kina mbwa wa polisi, uchochoro uliokanyagwa na watu hamsini unamnyima mbwa kazi yake.

Kisha chagua njia moja ya kuingilia na kutokea, ile ambayo mwizi hakuelekea kuitumia. Kila atakayelazimika kuingia apite hapo tu, na daftarini aandikwe jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na viatu alivyovaa. Ndiyo, viatu. Piga picha ya soli zake. Inachukua nusu dakika, na kesho itamsaidia mtaalamu kutenga nyayo zenu na za mwizi.

Ndani ya kamba hakuna kuvuta sigara, kutema mate, kunywa chai, kunawa kwenye sinki wala kutumia choo. Wezi hutumia vyoo.

Na kama kijana fulani ameshakamatwa na umati unataka kumpiga, msimpige. Ni uhai wa mtu, na hajahukumiwa. Pia nguo zake, mikono yake na viatu vyake ni eneo la tukio la pili. Umati ukishamvua shati na kumwagia maji, ushahidi wa kumtia hatiani umekwenda, na wa kumsafisha vilevile. Asirudishwe dukani "aonyeshe alipopita", kwa sababu hapo atakanyaga vioo vipya na kuacha nyayo mpya, na hakuna atakayejua ni za lini.

Umefanikiwa hatua hii ikiwa mpelelezi akifika anakuta watu wako nje ya kamba, na unaweza kumtajia kwa majina walioingia ndani.

Hatua ya 5: Picha, kutoka mbali kuja karibu

Simu yako inatosha. Kinachokosekana kwa kawaida ni mpangilio.

Anza nje: jengo zima, barabara, pande zote nne. Sogea: mlango, dirisha, ukuta. Ukiwa kizingitini, piga chumba kutoka pembe unazozifikia bila kukanyaga kitu. Mwisho njoo karibu na kitu chenyewe. Kila kitu muhimu kipate picha tatu: ya mbali inayoonyesha kiko wapi, ya kati inayokiunganisha na kitu kingine kisichohama (kaunta, nguzo, mlango), na ya karibu.

Picha ya karibu ipigwe mara mbili. Ya kwanza kama kilivyo, ya pili ukiwa umeweka rula kando yake. Bila ile ya kwanza utaulizwa rula imeficha nini.

Usisogeze kitu ili picha ipendeze. Usifute zilizotoka vibaya. Picha namba 14 ikikosekana kati ya 13 na 15, itatafutwa. Usiweke kichujio, usikate kingo. Na usizitume WhatsApp kama picha, kwa sababu inazibana na kuondoa taarifa za saa zilizofichwa ndani ya faili. Ukilazimika kutuma, zitume kama waraka, na asili ibaki kwenye simu.

Hatua ya 6: Vinavyokufa haraka

Vitu vingine vinaweza kusubiri kwa muda wa saa tatu. Hivi haviwezi.

*Nyayo.* Zima taa, ulaze tochi chini karibu na sakafu, mwanga upite juu ya vigae kama jua la jioni linavyopita juu ya mchanga wa pwani. Utaona alama ambazo ulikuwa tayari kuapa kuwa hazipo. Mara moja nilifanya hivi mbele ya gunia la sembe lililochanwa: unga ulikuwa umetandazika, na katikati yake kulikuwa na soli nzima, mistari yake ya mawimbi, na kwenye kisigino tundu dogo la mviringo, kama limechomwa na msumari. Viatu vya aina ile vimejaa sokoni. Chenye tundu lile mahali palepale ni kimoja. Viatu vinauzwa maelfu, lakini uchakavu ni wa mvaaji, na mtaalamu huulinganisha alama kwa alama.

Piga picha simu ikiwa imelala sambamba na sakafu, lenzi ikitazama chini moja kwa moja juu ya alama, si kwa kuinama pembeni, maana picha ya mshazari hudanganya urefu. Rula iwe usawa mmoja na alama. Kama ni kwenye tope lililobonyea, ifukie kidogo ifike chini alipokanyaga. Mwanga utoke upande. Kisha funika kwa beseni kavu lililogeuzwa, lisiguse alama, na ukandamize kwa mawe upepo usilibebe. Alama ya nje ikipata mvua bila beseni, dakika kumi zinatosha kuimaliza.

*Alama za vidole.* Kidole huacha jasho, chumvi na mafuta tuliyojipaka kwa kushika uso na nywele. Alama hukaa vizuri kwenye kioo, chuma kilichopakwa rangi, chupa, vigae, plastiki laini. Kwenye ukuta wa udongo, gunia au mbao isiyopigwa randa ni shida. Zipo pia zinazoonekana kwa macho: kidole chenye grisi, au kilichobonyea kwenye sabuni ya mche au nta ya mshumaa. Hizo kila mtu huzikimbilia, na kwa kuwa zinaonekana, ndizo zinazoguswa kwanza.

Glovu haikupi ruhusa ya kushika. Inazuia alama yako isibaki, haizuii kufuta ya mwizi. Ukilazimika kusogeza kitu, kishike mahali ambapo mtu wa kawaida hashiki: chupa kwa ukingo wa mdomo na kitako, kioo kwa kingo zake kali, taratibu. Usipulizie poda ya mtoto uliyoiona kwenye video. Poda ya wapelelezi ni nyingine, brashi yao ni nyingine, na alama ikishachafuliwa hairudi.

Jiandae pia kutoa alama zako na za wafanyakazi wako. Si kwamba mnatuhumiwa. Ni lazima zenu zitengwe ndipo ya mgeni ionekane.

*Damu, mate, nywele.* Mwizi hujikata kwenye kioo au bati mara nyingi kuliko mnavyodhani. Usiguse kwa mkono mtupu, kwa ajili ya vinasaba (DNA) na kwa ajili ya afya yako. Usikohoe wala kuongea juu yake; ndiyo kazi ya barakoa. Tone la damu likiwa pahala pakavu, liache. Jua likipiga, lizuie kwa kivuli cha boksi lisiloligusa.

Hatua ya 7: Kufuli, nondo na vioo

Kufuli lililokatwa lina jeraha, na jeraha lina sura. Mkasi wa nondo hubana kutoka pande mbili na kuacha mgongo mwembamba katikati. Msumeno huacha mistari. Mtaimbo hupinda kitasa na kukwaruza rangi ya mlango. Na kufuli lililofunguliwa kwa ufunguo halina jeraha kama haya. Kwa hiyo kufuli libaki lilipoanguka. Likiwa njiani ambako litapigwa teke au kuokotwa, weka beseni juu yake na mtu wa kulilinda.

Ukiona bisibisi au mtaimbo umeachwa, usithubutu kuujaribu kwenye alama uone kama unaingia. Nimeona mwenye nyumba akifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Ukishauingiza, umeacha rangi ya mlango kwenye chuma na mikwaruzo ya chuma kwenye mlango, na tangu hapo hakuna atakayeweza kusema ipi ni ya usiku na ipi ni ya asubuhi.

Vioo viache vilivyoanguka. Upande vilikoangukia vingi husaidia kueleza pigo lilitoka wapi, ingawa si kwa uhakika peke yake, kwa sababu chembe nyingine hurukia nyuma kumwelekea aliyepiga. Chembe hizo ndizo hutafutwa kwenye nguo za mtuhumiwa. Kioo kikifagiwa na kutupwa jalalani, hakuna cha kuzilinganisha nacho.

Silaha au maganda ya risasi: usiguse hata kwa kijiti. Weka mtu mmoja alinde.

Hatua ya 8: Kamera na simu

Mashine ya kurekodi kamera ikijaa hufuta za zamani na kuandika mpya juu yake. Inaweza kuwa wiki mbili, inaweza kuwa siku tatu. Kwa hiyo leo ni leo, wala usingoje Jumatatu.

Kwanza linganisha saa. Piga picha moja inayoonyesha skrini ya kamera na saa ya simu yako pamoja. Kama kamera iko nyuma dakika 17, andika daftarini. Nisingetaja hili kama lisingekuwa na uzito: kamera ikisema saa tisa usiku na simu ya mtuhumiwa ikionyesha alikuwa mahali pengine saa tisa, dakika 17 zinaweza kumfunga asiyehusika au kumwachia aliyehusika.

Pili, toa faili lenyewe kutoka kwenye mashine kwenda kwenye flashi mpya, kuanzia saa moja kabla ya tukio hadi saa moja baada. Kurekodi skrini kwa simu si mbadala. Andika nani alitoa, saa ngapi, kutoka mashine gani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama iangalie data zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa, na kama hazikuchezewa. Ukurasa wako wa daftari ndio unaoanza kujibu maswali hayo. Waulize pia majirani wenye kamera, na waombe wasifute.

Simu iliyoibwa: tafuta boksi lake, IMEI (namba ya utambulisho wa simu) imeandikwa hapo. Laini ya uwakala izuiwe mara moja kwa kupiga simu kwa mtandao husika. Simu *iliyoachwa* na mwizi usiifungue kuangalia picha wala usiijibu ikiita. Andika saa iliyoita, na kama namba inaonekana juu, inakili.

Hatua ya 9: Ukilazimika kuchukua kitu

Kanuni ni usichukue. Lakini mvua inakuja na bati limeng'olewa, au polisi wamekwama mto umejaa. Hapo chukua, mbele ya shahidi, baada ya picha.

Vaa glovu mpya kwa kila kitu. Kitu kimoja, bahasha moja. Shati la majeruhi na shati la mtuhumiwa yasikutane hata mezani, kwa sababu yakigusana mara moja tu hoja yote ya damu imekufa.

Sasa ule mfuko wa nailoni. Kitu chenye unyevu kikifungwa ndani ya nailoni hutoa jasho, na ukungu na bakteria hushambulia vinasaba. Watu hufunga shuka lenye damu kwenye mfuko, wakakaza fundo, wakaamini wamehifadhi, kumbe wamelipika. Tumia karatasi, maana inapumua. Nguo mbichi itandazwe kivulini juu ya karatasi safi ikauke yenyewe, bila jua, bila pasi, kisha iwekwe ndani ya mfuko wa karatasi na karatasi nyingine katikati ya mikunjo.

Isipokuwa nguo au tambara linalonuka petroli au mafuta ya taa. Hilo liwekwe kwenye kopo jipya la bati au chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kwa sababu mvuke wenyewe ndio ushahidi, na karatasi itauachia wote.

Bandika gundi au selotepu kwenye mdomo wa bahasha, kisha weka sahihi inayovuka kiungo, nusu juu ya tepu na nusu juu ya karatasi, ili ikifunguliwa ionekane. Usilambe bahasha, mate yako yana vinasaba vyako. Juu yake andika *kabla* ya kuweka kitu ndani: namba, kitu gani, kilikuwa wapi hasa, tarehe, saa, nani alichukua, nani alishuhudia.

Hatua ya 10: Makabidhiano

Ushahidi mzuri hufia hapa. Kufuli lenye jeraha safi halina maana kama hakuna anayeweza kuieleza mahakama lilikuwa mkononi mwa nani kila siku tangu lilipookotwa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililiweka wazi katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007: lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano wa wakati, za kukamata, kutunza, kuhamisha, kuchunguza na kutoa kielelezo.

Kwa hiyo usikabidhi kitu mkononi kwa mdomo. Mpe mpelelezi kimoja kimoja, na daftarini mwako yaandikwe: kitu, hali ya lakiri au tepu, saa, jina lake, namba yake ya askari, sahihi yake na yako. Naye anapochukua kitu kwako, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka atoe stakabadhi ya ukamataji, yenye sahihi ya mwenye eneo na mashahidi waliokuwepo. Iombe kwa adabu, isome kabla ya kusaini, na hakikisha imetaja *kufuli moja lenye chapa fulani, pingu imekatwa upande wa kushoto*, si "kufuli moja" tu.

Shuka lenye damu usilipeleke mwenyewe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Katika jinai njia yake hupitia polisi, na barua na lakiri zao ni sehemu ya mnyororo huu wa makabidhiano.

Kama aliyeumizwa amebakwa

Hapa eneo la tukio ni mwili wa mtu, na mtu huyo anahitaji upole kuliko kamba na rula. Mwambie hana kosa. Kisha mweleze, bila kumlazimisha, kwamba ni vizuri asioge, asinawe, asibadili nguo wala kufua kabla ya kuonwa na daktari. Na kama ameshaoga, aende vilevile, bado kuna kinachoweza kupatikana. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, na ya ndani iwe kwenye mfuko wake yenyewe.

Afike hospitali haraka, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Kwa mtoto, piga 116. Asihojiwe na shangazi, mjomba na jirani kila mmoja kwa zamu. Mtu mmoja anayemwamini amsikilize, aandike maneno yake kama alivyoyasema, basi.

Hatua ya 11: Baada ya mpelelezi kuondoka

Usisafishe mpaka yeye mwenyewe aseme eneo limeachiwa. Uliza, na uandike saa aliyosema. Chukua namba ya RB, jina la mpelelezi wa kesi na namba yake ya simu. Ndipo ufagie, na hata hapo fagia taratibu: vitu vidogo kama kifungo cha shati hujificha chini ya jokofu. Ukikiona, usikipeleke kituoni kwenye mfuko wa suruali. Picha, bahasha, sahihi, simu kwa mpelelezi.

Orodha ya vilivyoibwa itakamilika baada ya siku kadhaa, na hilo ni la kawaida. Pelekea nyongeza kwa maandishi.

Lile daftari la usiku ule usilinakili upya kwa mwandiko mzuri. Lenye tone la chai, mistari iliyopinda na neno lililokosewa likakatwa kwa mstari mmoja, hilo ndilo utakaloingia nalo mahakamani. Lifunge kwenye bahasha na uliweke pamoja na hati za nyumba.